Kiungo wa Timu Tisa

Kila aliyemwuliza Kocha alikuwa mtu wa wapi alipata jibu lile lile: "Miye niko wa katikati."

Lubumbashi hilo si swali dogo. Mtu anaweza kukuuliza kabla hajataka kujua jina lako, na jibu lako likakufungulia mlango au likakufungia. Kocha alikuwa amecheza kiungo miaka kumi na minane, katikati ya uwanja, akaamua kwamba huko ndiko kwao. Ukizidi kumbana, ukataka kijiji cha baba yake, alikutazama kama refa anavyomtazama mchezaji aliyejiangusha. "Kijiji ya baba yangu haipige pasi," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa hiyo sina la kusimulia juu ya kuzaliwa kwake wala ukoo wake. Nilimjua miaka mingi, alinifundisha mitatu, nilimkosea mara moja, na hata leo sijui babu yake aliitwa nani.

Chuo chetu kilikuwa chuo kidogo cha ualimu, upande wa Katuba. Siku ya kwanza nilipofika nilimkuta uwanjani anafyeka majani, amevaa shati jeupe la mikono mirefu na tai nyekundu. Nikadhani ni profesa aliyechanganyikiwa. Kumbe kwenye karatasi za chuo aliandikwa mfyekaji, kwa sababu hakuwa na diplôme yoyote, hata cheti cha sekondari. Asubuhi alifyeka uwanja, na saa tisa alasiri alifundisha juu ya majani yale yale aliyoyafyeka, bila cheo, bila barua, na tai haikuvuliwa.

Ofisini kulikuwa na daftari kubwa ambalo walimu walitia sahihi wakifika. Wafyekaji na walinzi walikuwa na lao, dogo, lililofungwa kwa kamba mlangoni. Kocha alitia sahihi katika lile la walimu. Katibu wa chuo, mtu mwembamba aliyevaa miwani ya kusomea hata alipotembea, alilikata jina lake kwa kalamu nyekundu. Kesho yake Kocha akasaini tena, na katibu akakata tena. Ukiyafungua madaftari ya mwaka ule utaliona jina moja limepigwa mstari mwekundu kila asubuhi isipokuwa Jumapili.

Siku moja nilikuwa nimesimama dirishani pale, nangoja cheti cha masomo, nikawasikia.

"Papa, hii kitabu iko ya baprofesa," katibu alisema.

"Njo maana nasainia humu."

"Weye unakata majani."

"Asubuhi. Saa tisa nafundisha. Unataka nisainie nusu ya jina?"

Katibu akachukua kalamu nyekundu, akakata.

Mwishowe alipata neno la kumnyamazisha, au ndivyo alivyofikiri. Alimwambia mbele ya walimu wote kwamba asiye na diplôme d'État hawezi kuitwa mfundishaji hata akisaini kwa damu. Kocha hakugombana. Wiki ile ile alijiandikisha katika sekondari moja ya Katuba, kwenye darasa la wanaojitayarishia mtihani wa serikali, akaketi na watoto waliokuwa wadogo kuliko viatu vyake vya mpira. Kisogo chake kilikuwa kimeshaota mvi. Siku ya mtihani alivaa sare kama wao, shati jeupe na suruali ya bluu, akapanga mstari. Wasimamizi walimwambia wazazi wangojee nje. "Mutoto ni miye," akawajibu.

Mwaka wa kwanza alianguka. Alikuja mwenyewe kutuambia, akasimama mbele ya timu nzima. "Nimeanguka. Mazoezi iko saa tisa." Hakuna aliyecheka. Mwaka wa pili alipita kwa alama chache juu ya nusu. Ujumbe ulipoingia kwenye simu yake hakuamini, akampa kipa wetu ausome kwa sauti. Tukatafuta poda, ile ya watoto wachanga, tukammwagia kichwani kama wanavyofanyiwa vijana wote wanaofaulu, tukampitisha mitaa ya Katuba mweupe kama mkate wa unga, tai imepotea ndani ya poda. Wanawake walipiga vigelegele bila kujua ni nani. Mtu mmoja akauliza, "Mutoto wa nani amepita?" Kocha akajibu mwenyewe, "Wa katikati!" Mtu mwingine akamwuliza alipata asilimia ngapi. "Nusu na kidogo. Hata bao moja kwa sifuri ni ushindi."

Chuo kikamwandikia barua: encadreur, yaani mfundishaji, wa michezo. Kesho yake alisaini katika daftari la walimu, akasimama pembeni akingoja. Katibu alilivuta daftari, akaitazama ile sahihi, akalifunga. Mstari mwekundu haukupigwa. Kocha alitoka akitembea polepole kama mtu aliyebeba maji, na siku ile alitukimbiza mizunguko michache kuliko kawaida.

Naisimulia habari hiyo ya diplôme kwanza ili ijulikane alichoweka mezani baadaye.

Habari za timu zake tisa hakuzisimulia kwa utaratibu. Zilitoka vipande vipande, mazoezi yakiisha, tumekaa chini tunafungua kamba za viatu. Alianzia Kambove, katika timu ya wachimbaji, kwenye uwanja uliokuwa chini ya kilima cha udongo wa mgodi. Mvua ikinyesha, maji ya shaba yaliteremka, mpira ukawa wa kijani, na soksi za timu zote mbili zikawa rangi moja. "Ulipaswa kujua mwenzako kwa mutembeo," alisema. Kutoka huko Likasi ilimnunua kwa jezi kumi na moja na magunia mawili ya unga wa mahindi. Mwenzetu mmoja alipocheka, Kocha hakukasirika.

"Bale bengine balienda bure," alisema. "Miye timu nzima ilivaa juu yangu, na bantu bakakula bukari. Weye ukitoka hapa, nani atakula?"

Miaka miwili alicheza upande wa Zambia. Jumamosi alivuka mpaka wa Mokambo pamoja na wafanyabiashara, viatu vyake vimefichwa katika mfuko wa samaki wakavu ili asiulizwe maswali, na Jumapili alikimbia huku mabeki wakikunja pua. Kule walimwita Mkongo. Akirudi, watu wa huku walimwita Mzambia. Kisha Kolwezi, kisha mji wa reli kule kaskazini ambako babu yangu alifanya kazi, kisha timu nyingine ambazo hazipo tena. Hakuwa nyota. Magazeti hayakuwahi kuandika jina lake vizuri. Alikuwa yule kiungo anayenyang'anya mpira, anampa aliye karibu, na watu wanashangilia wa tatu.

Mara moja aliitwa timu ya taifa, mtu alipoumia. Akasafiri nayo mechi tatu. Kila mechi, ikifika dakika ya sitini, aliambiwa apashe misuli moto, akakimbia kando ya mstari mpaka kipenga cha mwisho. Hakuingia hata dakika moja. Tulimwonea huruma.

"Munasikitika nini?" akatuuliza. "Nilipasha moto mu nchi tatu. Mupaka leo sijapoa."

Goti la kushoto ndilo lililomstaafisha, katika timu ya tisa. Alilizungumzia kama mfanyakazi mvivu aliyemwachisha kazi.

Ufundishaji wake ulianza na macho. Alitusimamisha uwanjani kumi na mmoja, akatuamuru tufumbe macho, kisha akaita jina moja, na kila mtu alipaswa kunyoosha kidole upande wa mwenzake aliyetajwa. Miezi ya kwanza mimi nilimkosa beki wa kushoto kila mara. Kocha akaniita pembeni.

"Ngoy, ule muntu munasema naye?"

"Hapana, Kocha. Hatuna shida, ila hatuongee."

"Basi kaa naye mu darasa wiki moja."

Nilikaa naye. Aliitwa Mwamba, alikuwa mtu wa mizaha, na baada ya wiki ile sikumkosa tena nikiwa nimefumba macho. "Muntu asiyejua mwenzake iko wapi," Kocha alisema, "anacheza peke yake mbele ya bantu mingi." Maneno yake mengi nimeyasahau, lakini hilo nalitumia na wanafunzi wangu, na katika ndoa.

Aliweka pia sheria kwamba mfungaji wa bao lazima kwanza amkimbilie aliyeunyang'anya mpira, ndipo ashangilie. Mwaka mmoja mshambuliaji wetu alifunga mawili katika nusu saa na mara zote mbili akakimbilia kwa wasichana waliosimama kando ya uwanja. Kocha akamtoa. Tulikuwa tunaongoza mawili kwa sifuri, tukamaliza mawili kwa mawili, na chuo kizima kikamtukana Kocha wiki mbili. Yeye aliendelea na tai yake. Mshambuliaji alirudi mechi iliyofuata akawa mwepesi wa kushukuru kupita kiasi, hata akawa anamkimbilia kipa.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Alitukataza matusi, lakini yeye alimtukana refa kwa Kibemba alichojifunza kule ng'ambo, akiamini hakuna anayekielewa, ilhali nusu ya Lubumbashi inakielewa na refa mwenyewe mama yake alikuwa Mbemba. Alihubiri subira, na kuna refa mmoja ambaye hakumsalimia miaka minne kwa ajili ya bao moja la kuotea. Alisema dawa za kienyeji ni upumbavu wa mabeki wasio na mbio, lakini ukiruka juu ya viatu vyake ulirudishwa uruke tena kwa upande wa pili. Alituambia kiungo mzuri husikiliza, naye mwenyewe hakusikiliza mtu yeyote isipokuwa mkewe.

Mama huyo aliuza kikanda, kile chakula cha mizizi na karanga, mbele ya nyumba yao, Katuba. Tulipokwenda kumtembelea Kocha Jumapili moja baada ya misa tulimkuta uani anaosha sahani, mikono ya shati imekunjwa. Tukasita mlangoni. Mkewe akacheka.

"Ingieni! Kule uwanjani, ku terrain, iko général. Huku iko ya kuosha."

"Nikimaliza zitang'aa kuliko medali," Kocha alisema bila kugeuka.

"Medali gani? Tangu unioe sijaona hata moja."

Kocha akacheka mpaka akaangusha kikombe. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo uwanjani.

Sasa nafika kwenye orodha.

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu. Tulikuwa tumefika fainali ya vyuo kwa mara ya kwanza, na nahodha wetu alikuwa Mbuyi. Alicheza mbele yangu. Mimi nikinyang'anya, yeye ndiye aliyejua mpira uende wapi. Alizaliwa Katuba, akakulia Katuba, baba yake alishona suti Katuba, lakini babu yake alitoka mkoa wa Kasai, na kwa watu fulani hilo halifutiki hata kwa vizazi vitatu. Mimi ni wa upande ule mwingine: Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga, watu wa reli, wale wanaoitwa watoto wa hapa. Uwanjani hilo halikuwa na maana yoyote. Siku nne kabla ya fainali lilipewa maana.

Katibu alituita ofisini, Kocha na mimi. Mbuyi hakuitwa. Juu ya meza kulikuwa na orodha ya wachezaji kama Kocha alivyoiandika, na jina la Mbuyi, la kwanza kabisa, limepigwa mstari. Kalamu ilikuwa ile ile nyekundu.

Katibu alizungumza kwa upole. Alisema kutakuwa na mgeni wa heshima, mtu mkubwa anayeweza kukisaidia chuo kupata madarasa mapya. Alisema mgeni huyo angependa kuona mtoto wa hapa akiongoza timu. Alisema hata wanafunzi wananung'unika.

"Mbuyi atapumuzika tu mechi moja," alisema. "Hakuna mubaya. Ngoy atavaa brassard ya nahodha."

"Mbuyi alifanya nini?" Kocha aliuliza.

"Hakufanya kintu."

"Basi anapumuzika juu ya nini?"

"Papa, unaelewa muzuri."

"Hapana. Miye nilipata nusu na kidogo. Nielezee."

Katibu alivua miwani. Hakutaka kulitamka, na Kocha hakutaka kumsaidia. Mwishowe katibu akanigeukia mimi.

"Ngoy, uko tayari kuwa nahodha?"

Nitasema ukweli. Nilikuwa nimeitamani ile brassard miaka miwili. Baba yangu, aliyestaafu reli, alikuwa ameahidi kuja fainali na kaka zake, na hakuwahi kuniona nikicheza. Nilijiona nikiingia uwanjani wa kwanza, kitambaa mkononi. Nilijua pia kwamba jambo lile lilikuwa ovu. Yote mawili yalikuwa kifuani mwangu, yamekaa pamoja bila kugombana.

Kocha naye akanigeukia. "Ngoy. Sema."

Nikasema, "Miye niko mwanafunzi tu."

Hakunikemea. Alinitazama kidogo, kama anapima umbali, kisha akavuta orodha, akachukua kalamu ya katibu mwenyewe, akaliandika upya jina la Mbuyi juu ya ule mstari kwa herufi kubwa.

"Ukiandika ile jina," katibu alisema, na upole ulikuwa umekwisha, "unaandika na kutoka kwako."

"Basi niweke na tarehe," Kocha akasema. Akaandika tarehe, akasaini chini yake sahihi yake yote, ndefu, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza, akatoka. Ile barua ya encadreur, ambayo alikuwa ameketi miaka miwili na watoto ili aipate, aliishika miezi michache tu.

Siku ya fainali tuliletewa mwalimu kijana wa hesabu awe kocha. Mtu mwema, aliyeogopa kila kitu. Tulivalia katika darasa tupu la chuo mwenyeji. Jina la Mbuyi halikuwamo katika orodha. Mwalimu akanipa brassard, kisha akampa Mwamba mdogo, mdogo wake yule beki wetu, jezi ya Mbuyi, akamwambia avae.

Kijana yule alikuwa wa mwaka wa kwanza, hajawahi kuanza mechi hata moja. Aliishika ile jezi, akaitazama, akaikunja vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, akaiweka juu ya dawati.

"Sivae," alisema.

"Juu ya nini?" mwalimu akauliza.

"Iko na mwenyewe."

Nikaona haya iliyonichoma mpaka masikioni, maana mtoto wa mwaka wa kwanza alikuwa amesema kwa maneno matatu nilichoshindwa kusema mimi nilipoulizwa. Nikaivua brassard, nikaiweka juu ya jezi ile.

"Tunaingia kumi," nikasema.

Nilitegemea mtu abishe. Kipa alisimama, akagonga viatu sakafuni, akatangulia mlangoni.

Refa alituhesabu mara mbili. Akaniita. "Wa kumi na moja iko wapi?"

"Iko ku tribune."

Alitazama nilikoonyesha. Mbuyi alikuwa amekaa juu kabisa, nguo za nyumbani, na kando yake Kocha, shati jeupe na tai nyekundu, amekunja mikono. Hakuruhusiwa kwenye benchi, basi aliingia na watazamaji wengine. Refa akatikisa kichwa, akapuliza.

Watu walikawia kuelewa. Walidhani mchezaji wetu amechelewa chooni. Kisha mtu akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakafuata, mpaka habari ikapanda safu kwa safu hadi walikoketi wageni. Nilimwona katibu amesimama, anaeleza kitu kwa mikono. Nilimwona baba yangu kati ya kaka zake, na sikujua atanihesabia nini.

Tulicheza kumi. Pale alipokuwa akisimama Mbuyi, mbele yangu, hatukuweka mtu. Nilikimbia kwa miguu yangu na ya kwake. Mpaka mapumziko sifuri kwa sifuri. Mpaka dakika ya sabini sifuri kwa sifuri, na hata washangiliaji wa wapinzani walianza kutupigia makofi tukiokoa. Kisha kona ikapigwa, mpira ukaning'inia hewani, nikautazama, na mtu akapita nyuma yangu akaupiga kichwa. Moja kwa sifuri. Ndivyo ulivyoisha.

Baba alinishika bega tu, akasema, "Umechoka," akaenda na kaka zake. Kocha aliteremka ngazi moja moja kwa sababu ya goti. Tulikuwa tumelala chini. Nilimngojea aseme kitu kikubwa.

"Ile bao," alisema, "Ngoy aliangalia mupira. Hakuangalia muntu." Akatukagua mmoja mmoja, kumi wote, na Mbuyi aliyekuwa ameshuka naye. "Kesho mazoezi. Saa tisa."

"Kocha, wamekufukuza," kipa akasema.

"Balinifukuza mu ofisi. Saa tisa hawakuifukuza."

Mlinzi alipata amri asimruhusu kupita geti. Basi alifundishia nje ya ukuta, kwenye kiwanja cha vumbi ambacho watu walikausha matofali, na sisi tukawa tunamfuata huko. Kwa miezi mingi chuo kilikuwa na uwanja uliofyekwa vizuri, mwalimu wa hesabu mwenye kipenga, na wachezaji wawili. Timu yenyewe ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Baadaye alikuja mkurugenzi mwingine, akatuma mtu kumwomba arudi. Kocha akajibu kwamba yuko tayari, wamwandikie tu barua inayosema ni kwa nini aliondoka. Barua hiyo haikuandikwa kamwe, na yeye hakurudi. Mbuyi alimaliza masomo, sasa anafundisha fizikia Kolwezi. Mimi nilipelekwa Kambove.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, wakati wa kiangazi, malori ya madini yanapita na vumbi haliketi. Shule yangu ilikuwa imealika timu ya wanawake kutoka Lubumbashi icheze na walimu wa kike na wake za wachimbaji. Basi dogo lilichelewa saa mbili. Lilipofika wakateremka wanawake kumi na watano wa soko la Katuba, wengi wamepita miaka arobaini, wanacheka, wamefunga vitenge juu ya bukta. Nyuma yao akateremka mzee mmoja mwenye fimbo, amekonda, tai imelegea shingoni, mama mmoja amembebea kiti cha plastiki.

"Kocha," nikasema.

"Ngoy. Umenona."

Nilimwuliza juu ya afya. Moyo, alisema, na lile goti. "Docteur amesema nisisimame ku terrain tena. Nimeleta kiti."

Alikaa kipindi cha kwanza, kama mtu anayekaa juu ya moto. Wanawake wake walicheza polepole, lakini waliangaliana kabla ya kupokea mpira, na aliyefunga alikimbilia nyuma. Wakati wa mapumziko walikunywa maji na kubishana. Mimi nilichuchumaa kando ya kiti chake. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka yote hiyo, na nilijua sitapata nafasi nyingine.

"Kocha, siku ile mu ofisi. Uliniuliza, na miye nikasema niko mwanafunzi tu. Ulipoteza kazi yako na sikukusaidia hata kwa neno moja. Sijakuomba radhi."

Aliendelea kuwatazama wanawake wake. Nikadhani hakusikia.

"Mu timu yangu ya nne," alisema, "tulikuwa na kipa. Muzuri sana. Siku moja président wa timu akaingia mu vestiaire, pale pa kuvalia, akasema ule kipa haiko wa huku, avue. Akavua mbele yetu. Akatutazama. Miye nilikuwa nahodha. Nikafunga kamba ya kiatu." Alisimamisha fimbo kati ya magoti. "Tukashinda tatu. Balitubeba juu ya mabega. Ule kipa sikumuona tena, na jina yake sipendi kuitaja juu sistahili."

"Hukuwahi kutuambia."

"Ningesema nini? Weye ulinyamaza siku nne, Ngoy. Miye nilinyamaza mupaka miguu ikaisha. Nilipofika kwenu nilikuwa na deni ya kusema, na ile kalamu ya katibu ikanikuta." Akanitazama kwa macho yale ya kupima umbali. "Radhi yako sina pa kuiweka. Mbuyi njo mwenyewe. Ulimwambia?"

"Hapana."

"Kolwezi iko mbali?"

"Saa chache."

"Basi."

Mama mmoja mnene, kipa wao, muuza nyanya, akatupigia kelele kutoka golini, "Kocha! Tucheze ao tukauze?"

Aliegemea fimbo, akajiinua kutoka kwenye kiti. Nikamshika kiwiko, nikamkumbusha daktari amesema nini. Akautoa mkono wangu, bila hasira, akavuka mstari, akaingia uwanjani hatua tatu, nne, tano, mpaka nyuma kidogo ya duara la kati, akaanza kuwapanga kwa fimbo.

"Ngoy," aliita bila kugeuka, "ondoa ile kiti. Inazuia njia."

Nilikibeba kile kiti mpaka kwenye basi. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Kolwezi.